Karani wa Stesheni Aliyechelewa Mdundo

Wakufunzi wenzangu mnaobaki chuoni mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya kuongoza michezo ya jukwaani. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda, na kwa sababu mwaka huu nimesikia mnataka tena kufanya mchezo wa muziki wa Kilatini. Someni kwanza, halafu muamue kama bado mnataka.

Niliripoti chuoni Singida nikiwa na cheti cha sanaa za maonyesho, sanduku moja na filimbi. Mkuu wa chuo wa wakati ule alisoma barua yangu mara mbili, akafungua kabati na kunikabidhi wavu wa voliboli.

"Sanaa na michezo ni idara moja," alisema. "Anza na huu, umetoboka."

Wiki yangu ya kwanza katika sanaa niliitumia kushona wavu. Ofisi yangu ilikuwa stoo, na mle stoo nilimkuta Mzee Chilongani. Alikuwa mtunza stoo wa chuo, lakini ujanani alifanya kazi reli pale Manyoni na kupiga tumba katika bendi ya wafanyakazi wa stesheni. Walikuwa wakipiga midundo ya Kilatini, chacha, mambo na bolero, nyimbo walizozishika kwenye santuri bila kuelewa neno hata moja la Kihispania. Nilimkuta akikaza ngozi ya tumba kwa spana ya baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa.

"Unajua kuhesabu?" aliniuliza.

Nikahesabu moja hadi nane, kama nilivyofundishwa.

"Hivyo unahesabu mbuzi," akasema.

Akachukua vijiti viwili vigumu akagonga mapigo matano yasiyolingana, matatu kisha mawili, akarudia, akarudia tena. Ilinichukua mwezi mzima kuyashika. Kila asubuhi nilipoingia stooni alinipa vijiti kabla ya kunipa chaki. Nikikosea ananinyang'anya. Sikuwahi kuwa na mwalimu mwingine wa maana katika kazi hii, na huyo mmoja hakuwahi kunisifu.

Vifaa vyangu kwa miaka yote vilikuwa vinne: filimbi, chaki, mkanda wa karatasi wa kubandika sakafuni, na kanga ya kufunga kiunoni ninapowaonyesha hatua. Chaki ndiyo iliyonitesa zaidi. Tulifanyia mazoezi bwaloni, baada ya wanachuo kunywa uji. Nilikuwa nikisukuma meza, nikichora jukwaa sakafuni, nikiandika namba za kila mchezaji. Saa sita wapishi walikuwa wakimwaga maji na kupiga deki, na kesho yake nachora upya. Niliwaomba, nikawaandikia barua, nikawabembeleza kwa vitunguu kutoka shambani kwangu Unyambwa. Vitunguu walipika. Sakafu wakaendelea kupiga deki.

Sasa nifike kwenye huo mchezo wa Kilatini.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, chuo kikijiandaa kuadhimisha kuanzishwa kwake. Mjumbe mmoja wa bodi, daktari wa mifugo aliyesomea Kuba akiwa kijana, alisimama kikaoni akasema amechoka kuona ngonjera kila sherehe. Alitaka mchezo kamili wa jukwaani, wenye hadithi, nyimbo na densi, wote kwa muziki wa Kilatini. Wajumbe wakapiga makofi. Hakuna kitu rahisi kama kupigia makofi kazi itakayofanywa na mtu mwingine.

Niliandika mimi hadithi. Bibi harusi anashuka stesheni ya reli katika mji mdogo, akiwa na sanduku na shela, kumsubiri bwana harusi anayekuja na treni. Treni zinapita, bwana harusi hashuki. Karani wa tiketi anamwonea huruma, anamfundisha kucheza chacha ili muda uende. Hadithi yenyewe ni hiyo. Mzee Chilongani, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alikubali kurudi na wenzake wanne wa zamani kutoka Manyoni: tarumbeta, gitaa, besi na vile vijiti vya mapigo matano. Yeye akashika tumba.

Kila mtu alikuwa na maoni. Daktari alikuja mazoezini mara mbili kwa wiki, na kila sentensi yake ilianza na "Kule Havana." Kule Havana nyonga zinazunguka. Kule Havana nguo ni fupi na nyekundu. Viongozi wa dini wa chuo, shehe na mchungaji, ambao sijapata kuwaona wakikubaliana jambo jingine, waliandika barua ya pamoja wakitaka nguo zifike kwenye vifundo vya miguu. Fundi cherehani akaridhisha pande zote mbili: magauni mekundu, marefu hadi chini, yenye marinda matano yaliyokuwa yakifagia sakafu. Kila baada ya zoezi tulikuta ndani ya marinda maganda ya vitunguu na punje za maharage.

Na nyonga? Wanachuo wangu walitoka kila upande wa nchi. Wa hapa kwetu wanacheza kwa mabega na vishindo vya miguu. Wengine walijua bongofleva tu. Nikiwaambia "legeza kiuno," wavulana walicheka na wasichana walitazama mlangoni kama mchungaji yupo.

Wawili tu walinipa matumaini. Neema, mwanachuo wa mwaka wa pili kutoka Iramba, alikuwa bibi harusi. Ana sauti, ana miguu, na ana ulimi, mtauona mbele. Karani alikuwa Festo, kijana mrefu mkimya kutoka Kintinku. Siku ya kuwachuja wachezaji niliweka muziki kwenye redio ya betri mbele ya wachezaji, akaingia katika chacha kama mtu anayerudi nyumbani. Wiki tatu za kwanza hakunipa tabu hata siku moja.

Kisha bendi ikaja, na Festo akaharibika.

Bendi ilikaa upande wa kushoto wa wachezaji, karibu na mlango wa jiko, kwa sababu soketi nzima bwaloni ilikuwa moja tu, na ilikuwa huko. Tangu siku ile Festo akawa anachelewa. Neema amekwisha kugeuka, yeye ndiyo anaanza kunyoosha mkono. Nikampigia filimbi, nikamhesabia kwa sauti. Nikamsimamisha peke yake arudie hatua mara ishirini wenzake wakimtazama. Akawa anasema, "Samahani, Madam," anarudia, anachelewa tena. Wiki mbili hivyo. Neema alianza kumvuta kwa nguvu kama mtu anayevuta punda kisimani.

Jambo moja nililiona na sikulifikiria. Mchezaji asiye na mdundo hupotea ovyo, mara anawahi, mara anachelewa. Festo alichelewa kila mara kwa kiasi kilekile. Nimekaa na mdundo maisha yangu yote, na sikujiuliza kwa nini.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, Daktari alileta wageni wa bodi kutazama zoezi. Bwalo lilijaa. Tulipofika kwenye chacha ya tiketi, Festo akachelewa, Neema akakanyaga marinda yake, wakagongana. Nilipuliza filimbi hadi koo likauma.

"Festo!" nikasema. "Hayo masikio Mungu amekupa ya kutundikia kofia? Hata ng'ombe wa kwenu Kintinku wakipigiwa mluzi wanasikia!"

Bwalo zima likacheka. Daktari akacheka. Sitasema uongo, nami nilifurahi kwamba wamecheka.

Festo alivua kofia ya karani, akaiweka juu ya tumba taratibu, akatoka kwa mlango wa jiko. Kesho yake hakuja zoezini wala darasani. Siku ya tatu kiongozi wa bweni akaniambia kitanda chake kimekunjwa na begi halipo.

Nikamwambia Mzee Chilongani nitatafuta karani mwingine.

"Yupi?" akauliza. "Hao wengine wanahesabu mbuzi."

"Basi nimtume mtu akamwite."

"Nani alimtukana?"

"Mimi."

"Basi nenda mwenyewe."

Sikwenda kwa huruma, nataka mlijue hilo. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na karani. Nilipanda basi hadi Manyoni, nikaunganisha hadi Kintinku, nikafika saa sita mchana, jua likiwa kali na vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi. Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba ambayo ndani yake mimi ndiye niliyekosewa.

Mama yake alinipokea kwa heshima iliyonitia aibu. "Mbukwenyi, mwalimu, karibu," akanisalimia kwa Kigogo, akanitolea kigoda, akanipa maji. Kumbe Festo alikuwa amemwambia kwamba chuo kimefungwa kidogo. Hakunishtaki. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama zizini akifunga kamba ya mlango, ametupa mgongo.

"Festo!" mama akaita. Hakugeuka. Mama hakuita tena. Alitembea, akamzunguka hadi upande wake wa kulia, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu wako amefika."

Nikadhani amekasirika tu, ananisusia.

Kisha tukakaa kula, ugali wa uwele na mlenda, sahani moja. Dada yake mkubwa alikuja akiwa amebeba maji ya kunawa. Nafasi ilikuwepo tele upande wa kushoto wa Festo, lakini alipita nyuma yake, akaja kukaa kulia, akabanana na mama. Mama alipotaka kumwambia jambo alimgusa bega la kulia kwanza. Mtoto wa dada alipita kushoto akisema, "Mjomba, chumvi," na Festo akaendelea kula; mtoto akazunguka upande wa pili bila kuambiwa na mtu, akasema tena, "Mjomba, chumvi," akapewa.

Kazi yangu ni kupanga watu nani asimame wapi na apite wapi. Nyumba nzima ile ilikuwa imepangwa kumzunguka mtu mmoja, kwa miaka, hadi watoto wamezishika hatua. Na mimi niliyekaa naye wiki tano bwaloni nikiwa na filimbi sikuwa nimeona chochote.

Tulipobaki wawili nilihamia upande wake wa kulia.

"Festo, sikio la kushoto halisikii?"

Akatazama mlango kwanza.

"Tangu nikiwa mdogo, Madam. Liliugua, likatoa usaha mwaka mzima. Likafa."

"Na bendi ipo kushoto."

"Ile tarumbeta naisikia. Lakini vijiti vya mdundo sivisikii vikigongwa. Navisikia vikirudi kutoka kwenye bati na ukuta wa kulia. Mwangwi ndio ninaocheza."

Alikuwa akicheza mwangwi. Na kila siku nilikuwa namwadhibu kwa umbali uliopo kati ya ukuta na jiko.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema nitaruhusiwa kufundisha? Watasema mwalimu gani huyu kiziwi." Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamwona anakaribia kutabasamu. "Fomu ya afya iliuliza kama nasikia. Nasikia. Haikuuliza kwa masikio mangapi."

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya mama yake aliyerudi na bakuli la karanga, nikalazimika kumweleza mama kosa lenyewe lilikuwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hata sisi zamani tulimchapa, tukidhani ni mkaidi." Kisha akanifungia karanga nibebe.

Festo alirudi nami kwa sharti kwamba sitamwambia mtu. Nikaapa. Ndipo nilipoanza kuelewa nimeapa nini.

Ili asikie, bendi ilibidi ihamie kulia. Lakini mlango wa wachezaji kuingia na kutoka ulikuwa kulia. Bendi ikihamia hapo, kila anayeingia aingie kushoto, kupitia jikoni. Anayetoka kwa huku atoke kwa kule. Mistari yote ipinduliwe, mizunguko mingi igeuzwe, anayeanza na mguu huu aanze na ule. Mchezo mzima kama unavyoonekana kwenye kioo. Tulikuwa na siku nane. Na sababu sikuweza kuitoa.

"Bendi inahamia kule," niliwaambia asubuhi. "Na sisi tunapindua kila kitu."

Wachezaji wakatazama namba zao za chaki sakafuni. Kisha Neema akafungua mdomo.

"Madam, kwa nini?"

"Itapendeza zaidi."

"Kwa nani? Miguu yangu imekwisha kushika! Mtu anashikishwa wiki tano, halafu anaambiwa ashike kinyume kwa sababu itapendeza?"

Alikuwa na haki kabisa. Nikamwambia apunguze mdomo.

Mzee Chilongani alikuwa mbaya zaidi. Waya wa umeme sasa ulibidi uvuke bwalo zima, na vikuza sauti vya zamani vile havikupenda safari. Vilianza kuvuma kama nyuki.

"Tangu lini bendi inahamishwa kama kuku?" aliniuliza. "Nipe sababu."

"Sababu ninayo, Mzee."

"Itoe."

Sikuitoa. Siku mbili hakusema nami hata salamu. Akitaka kuniambia kitu alimwambia mpiga besi, na mpiga besi akaniambia mimi, tukiwa wote watatu tumesimama pamoja. Daktari naye alifika, akatazama, akasema kule Havana bendi hukaa kushoto. Nilimwambia hapa ni Singida. Wapishi wakagoma kupitiwa jikoni na watu wenye marinda. Na upepo wetu wa mwezi ule uliingia madirishani ukavunja stesheni tuliyoijenga kwa maboksi mara mbili. Niliitwa mtu wa kubadilikabadilika, mzee aliyechoka, na jina moja jingine ambalo wapishi walinipa na sitaliandika.

Lakini siku ya kwanza bendi ilipopiga kutoka kulia, Festo aliingia sawasawa na mlio wa vijiti. Pigo lake likakaa juu ya pigo lao. Neema alikuwa amekwisha kujiandaa kumvuta, akakuta hakuna cha kuvuta, akayumba. Akamtazama Festo, akanitazama mimi. Hakuuliza kitu, ila kuanzia hapo alinung'unika kwa sauti ya chini.

Siku ya onyesho mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu, kama ilivyo desturi, kisha akahutubia muda mrefu kuhusu kuwahi. Tukaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda salama, sikuamini. Sehemu ya pili, kwenye chacha ya mwisho, bibi harusi anatoka kutazama kama treni inakuja, anarudi, karani anampokea mikononi. Neema, baada ya siku nane za kupinduliwa, miguu ikamsaliti. Akatoka kwa upande wa zamani, kulia, moja kwa moja kwenye bendi. Marinda yake yakanasa kwenye miguu ya tumba. Nikasikia kitambaa kikichanika.

Festo aligeuka, mikono wazi, kumpokea. Hakukuwa na mtu.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa anacheza. Mikono imezunguka hewa, mkono mmoja mahali pa kiuno, mmoja mahali pa bega, na hatua zote za wawili akizicheza mmoja. Anamzungusha asiyekuwepo, anamsubiri amalize kuzunguka, anampokea. Mizunguko minne kamili, na hakuchelewa hata nukta. Pembeni Mzee Chilongani alikuwa akipiga tumba kwa mkono mmoja na kunasua marinda kwa mwingine, akitukana kwa Kigogo. Mwanamke mmoja katikati ya wageni akasema kwa sauti, "Masikini karani wa watu!" Kisha Neema akatoka kwenye bendi, rinda likining'inia, akaingia katika ile mikono pigo lilipokuwa linaanza upya. Watu walisimama.

Daktari alikuja kunishika mikono miwili. "Ule ubunifu wa mikono mitupu!" akasema. "Hata kule Havana sijauona." Nikasema asante. Mtumishi wa umma hubeba lawama nyingi zisizo zake, na siku ile nilijilipa kidogo.

Jumatatu Festo alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu wa chuo akasema habari ya sikio lake. Hakunishauri. Nilipopata habari nilikuwa tayari kugombana, lakini mkuu alimpeleka hospitali akapimwa, tukasubiri wiki kadhaa, na jibu likaja kwamba amalize masomo yake. Alimaliza. Leo anafundisha shule ya msingi upande wa Mitundu. Mzee Chilongani aliposikia habari ya sikio alinijia stooni, akasema, "Ungeniambia, ningehamisha hata ukuta." Kwake hilo lilikuwa kunitaka radhi, na mimi nilipaswa kumtaka radhi yeye, kwa hiyo tukawa sawa.

Neema sikumwomba radhi kwa yale niliyomfanyia siku zile nane. Namwomba sasa.

Na kuna jambo jingine ambalo limenikera tangu nilipostaafu na kuanza kukaa nyumbani. Radhi ya Festo niliiomba Kintinku, mama yake na karanga wakiwa mashahidi. Tusi nililitoa bwaloni, watu wamejaa, na wengi wao hadi leo wanakumbuka kichekesho kile na wengine wamewahi kunirudia kunikumbusha huku wakicheka. Mwezi uliopita nilimpigia simu. Nikamwambia nataka kuandika habari hii kwa wakufunzi wa chuo, jina nitalibadilisha.

"Usilibadilishe, Madam," akasema. "Siku ile ulinitaja kwa jina."

Basi anaitwa Festo, wa Kintinku. Nilimwambia mbele ya bwalo zima kwamba hasikii hata kama ng'ombe. Alikuwa anasikia kuliko sisi sote, kwa sikio moja, na mimi niliyekuwa mwalimu wake ndiye niliyekosea.